Pesa Zimefika, Mwenyewe Yuko Wapi?

Jumapili ya mwisho ya Novemba tulikusanyika watu kumi na mmoja sebuleni kwa mwenzetu mmoja hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kwa jirani, na pilau ilikuwa inanukia hadi kwenye ngazi. Ilikuwa siku ya kugawana. Chama chetu hugawana akiba kila mwisho wa Novemba ili Desemba isimkute mtu mikono mitupu, na kabla ya mtu kugusa shilingi, mweka hazina husoma daftari lote kuanzia Januari, mwanachama mmoja mmoja.

Huwa hasomi kwa pupa. Ni mama wa makamo anayeuza nguo soko la Gikomba, na daftari lake amelipiga jalada la gazeti kama la mtoto wa shule. Kidole chake kikafika kwenye mstari wangu.

"Michango kumi na mmoja, yote imefika. Faini za kutohudhuria, saba, zote zimelipwa. Mkopo mmoja, umerudi na riba yake." Akageuza ukurasa kuona kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine. Akavua miwani. "Ndugu yangu, pesa zako hufika kabla ya za watu wote. Wewe mwenyewe hufiki."

Wachache wakacheka kidogo, kidole kikahamia mstari unaofuata. Hakunikaripia. Alisoma tu kilichoandikwa.

Fungu langu nikalipokea kwa simu, hapo hapo kwenye kiti. Nikala pilau, nikaaga, nikaenda nyumbani. Ni mwendo wa dakika tatu.

Wewe mwenyewe hufiki.

Nimetembea na maneno hayo mwezi mzima.

## Mtu anayechapa kesho

Nafanya kazi kwenye matbaa ndogo River Road. Tangu Oktoba hatuchapi kingine ila mwaka ujao: kalenda za makanisa, za maduka ya vifaa vya ujenzi, za shule, za wanasiasa wanaojipanga mapema. Karatasi zikitoka mashinini huwa bado na unyevu wa wino, ukigusa mapema kidole chako kinabaki kwenye Machi ya mtu. Tunaziacha zikauke, tunazikata, tunazibana bati jembamba juu, tunazifunga mia mia.

Kwa hiyo ifikapo Novemba mimi huwa nimeshauona mwaka ujao wote. Najua Madaraka Dei ya 2026 itakuwa Jumatatu. Najua Jamhuri Dei itaangukia Jumamosi na Krismasi Ijumaa. Lakini Jumatatu ile baada ya chama, nikiwa nasubiri karatasi zikauke, nilijiuliza Jumanne yoyote ya Mei mwaka huu nilifanya nini, na sikupata hata moja.

Ukutani pale kazini kulikuwa na kalenda yetu ya 2025, imepauka, ina doa la chai kwenye Agosti. Nikaiomba. Jioni nikaitandaza kitandani, nikachukua biro, nikajiwekea sharti: kila siku ninayoikumbuka niiandikie neno moja kwenye kisanduku chake. Bila simu, bila kumuuliza mke wangu.

Usiku wa kwanza nilijaza visanduku 27. Vimebaki 338, nikaviangalia hadi taa ya ngazi ikazimwa.

## Siku za watu wote

Cha kwanza nilichokiona ni kwamba siku nilizozikumbuka hazikuwa zangu.

25 Juni niliikumbuka vizuri, mwaka mmoja tangu vijana waandamanaji wavamie Bunge. Tulishusha mlango wa chuma asubuhi, tukakaa gizani na vitambaa vyenye maji puani. 7 Julai, Saba Saba, barabara za kuingia mjini zilifungwa tangu alfajiri, nikarudi na Jogoo Road kwa miguu, viatu mkononi kuanzia Makadara. 10 Agosti Harambee Stars, timu yetu ya taifa, waliifunga Morocco bao moja Kasarani, na mtaa wetu ulilia kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. 22 Agosti Madagascar wakatutoa kwa penalti. 15 Oktoba, Jumatano, habari za kifo cha Raila zilitoka India asubuhi, na River Road, ambayo sijawahi kuisikia kimya, ilinyamaza. Mchana tulikuwa tayari tunachapa picha yake. Mwenzangu anayeendesha mashine alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na wino.

Sijutii kuzikumbuka. Ni siku zetu, na nilikuwepo.

Lakini kati ya 22 Agosti na 15 Oktoba kulikuwa na shimo la siku zaidi ya hamsini. Ndani ya shimo hilo mwanangu wa kwanza alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa Gredi ya 9. Wao ndio darasa la kwanza kabisa la mtaala mpya kwenda sekondari ya juu, hawana kaka wala dada wa kumuuliza njia ilivyo. Alikuwa anasoma mezani, mita mbili kutoka kitandani kwangu. Kwenye visanduku vile hakukuwa na neno hata moja.

## M

Usiku wa nne nilivunja sharti. Niliomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikaanza kuisoma kama mtu anayesoma barua zilizokuta nyumba imefungwa.

Kila mara nilipoona namba ya Mama niliandika M kwenye kalenda. Dawa ya presha. Mbolea. Mtu wa kupalilia. Sukari. Zilifika M ishirini na tatu. Na chini ya kila M, kwenye simu, jibu lake lilikuwa lile lile: "Nimepata mwanangu. Mungu akuzidishie."

Kisha nikachukua biro nyekundu, nikatia rangi siku ambazo nilimwona kwa macho. Pasaka, siku tatu. Agosti, siku moja, maziko ya mjomba, tukaonana kwenye umati, akaniuliza kama nimekula.

Siku nne.

Mama anaishi Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita. Ukishuka Voi bado kuna gari la kupanda kupitia Mwatate, kona juu ya kona. Nilipokuja Nairobi mwaka 2003 hakukuwa na M-Pesa, ilianza Machi 2007. Kumpelekea Mama mia tano ilibidi nizibebe mwenyewe, au nimkabidhi mtu wa kwetu anayesafiri. Huyo mtu alikuwa akifika anakalishwa, anapewa chai, anahojiwa. Amenona? Anakohoa? Ana mtu? Pesa zilikuja na sura yangu. Nilikuwa nikimtumia mara nne kwa mwaka na alikuwa anajua mimi ni nani mwaka huo.

Sasa namtumia mara ishirini na tatu.

Siulaumu mtandao. Umemwokoa Mama zaidi ya mara moja, usiku, mvua ikinyesha, duka la dawa likisubiri malipo. Ninachosema ni kwamba nilipewa njia rahisi ya kupeleka kitu kimoja, nikaacha kupeleka kile kingine, na hakuna siku niliyokaa chini nikaamua hivyo.

## Nilitaka kuitupa

Karibu wiki nzima kalenda ilikaa chini ya godoro. Nilikuwa na hasira nayo.

Nilijiambia kwamba kukaa kutafakari mwaka ni jambo la watu wenye Januari nyepesi. Yangu ninaijua: kodi, sare, sanduku la bweni, karo, na orodha ya shule ya Gredi ya 10 ambayo bado inaongezeka. Anayesema pesa si kitu hajawahi kupigiwa simu saa nne usiku na mtu ambaye dawa imemwishia. Kutuma ni kupenda pia. Nilifanya kazi hadi usiku ili zile M ziwepo. Nani ana haki ya kuniambia sikufika?

Nadhani hoja hiyo ina ukweli mwingi, na bado naiamini nusu.

Kilichoishinda ni hesabu ndogo. Nilirudi kwenye zile Jumapili saba za chama nilizokosa, nikazitafuta moja moja. Tatu nilikuwa kazini, kazi ya kweli, wateja wa kweli. Moja ni ile ya maziko. Tatu zilizobaki nilikuwa nyumbani. Nakumbuka sasa. Nilikuwa nimelala chali na simu usoni, napandisha video kwa kidole, hadi chama kikaisha. Faini nikaituma nikiwa bado nimelala.

Dakika tatu kwa miguu.

Hapo udhuru uliisha. Uchovu ulikuwepo, siukatai. Lakini Jumapili zile tatu sikunyimwa nafasi na mtu yeyote, wala na umaskini, wala na Nairobi. Nilizoea kwamba kikifika changu inatosha.

Nilikaa na hilo bila kujipiga. Mwanzoni nilijipiga sana, nikaona kwamba mtu anayejipiga hana nafasi ya kuangalia, anashughulika na maumivu tu. Nikaanza kuangalia kisanduku, nasema kilichokuwepo, napita kingine. Nilikuwa hapa. Hapa sikuwepo. Hapa sijui. Dakika ishirini kila usiku, hadi nikamaliza.

## Mgomba

Kuna jambo la Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambalo limekuwa likinijia. Kule mwaka huogwa. Mwaka Kogwa huangukia Julai, kwa hesabu ya zamani ya Waswahili ya mwaka wa jua, ile iliyohesabu siku kwa makumi. Wanaume hupigana kwa migomba uwanjani, mchana, mbele ya watu wote, ili aliyeweka kitu moyoni akitoe. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake hupita wakiimba, wamevaa vizuri. Halafu watu hula pamoja, na mwaka unaingia kwa waliokwisha kuambiana.

Kwa mchapa kalenda ni faraja kujua kwamba Januari haina hati miliki ya kuanza. Wahabeshi wenzetu wa hapa Nairobi waliingia mwaka wao wa 2018 tarehe 11 Septemba, nami siku hiyo nilikuwa nakata risiti. Ila kinachonivuta Makunduchi ni ule mgomba. Unampiga mtu mbele ya watu, unamuuma, haumvunji, na mnakula naye.

Mama wa Gikomba alinipiga mgomba. Nimeshamshukuru. Aliniambia, "Mimi nilisoma tu, ndugu yangu."

## Kila usiku

Katikati ya Desemba alikuja ustadh mmoja wa Eastleigh ambaye kila mwaka tunamchapia kalenda ya madrasa, yenye tarehe za Kiislamu chini ya zile za kawaida. Huja mwenyewe kukagua kabla hatujachapa, na hukagua kila herufi. Alikuwa ameshika Februari, akaniomba nihakikishe kuna alama ndogo pembeni ya mwanzo wa Ramadhani, kwamba itategemea kuandama kwa mwezi.

Nikamuuliza jambo lililokuwa kichwani. "Ustadh, mkianza mfungo, ile nia mnaitia siku ya kwanza kwa mwezi wote?"

Akaweka karatasi chini. "La, mwanangu. Wapo wanaoona ya mwezi mzima inatosha. Sisi wa madhehebu ya Shafii, nia ya faradhi hutiwa kila usiku kabla ya alfajiri. Siku ya leo haifungwi kwa nia ya jana."

"Hata ukijua utafunga siku zote?"

"Hata ukijua. Unajua ni kitu kimoja. Umenuia leo ni kitu kingine." Kisha akasema, kama mtu anayenikumbusha ninachokijua, "Na kwetu siku huanza magharibi. Jua likitua, kesho imeshaingia. Kwa hiyo unanuia mwanzoni, sio mwishoni."

Akarudi kwenye Februari yake. Mimi nilibaki na kalamu mkononi.

Miaka yote nimekuwa nikiandika orodha tarehe 31 Desemba, baada ya kesha la kanisa. Ya mwaka jana ninayo, iko nyuma ya daftari la karo. Kumjengea Mama choo cha kisasa. Kulipa deni la sako. Kutembea msitu wa Karura kila mwezi. Kuwa karibu na watoto. Choo kimejengwa, deni limepungua. Yale yenye bei nimeyafanya. Yale mawili yasiyo na bei sikuyagusa, na sasa naona kwa nini. Choo unaweza kukiamua mara moja, ukatuma pesa, fundi akaendelea. "Kuwa karibu" hakutumwi. Hakuna fundi. Niliitia nia usiku mmoja wa kelele nikategemea iniburute siku 365.

Lugha yetu ilishatenganisha haya na mimi nilikuwa nayachanganya. Lengo liko kule mbele, unaliendea. Nia hutiwa, kama chumvi, kwenye chakula cha leo.

## Simu ya mchana

16 Desemba, Jumanne, saa tisa mchana, nilitoka nje ya matbaa, nikasimama kwenye kizingiti cha duka la stempu lililofungwa, nikampigia Mama. Sikuwa na lolote la kumwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa nia ya siku hiyo.

"Kuna nini?" Hata salamu hakunipa.

"Hakuna kitu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima wote."

"Mke wako?"

"Mzima."

"Umeachishwa kazi?"

"Hapana, Mama. Nimepiga tu."

Kukawa kimya. Jogoo akawika nyuma yake. Nikasikia kiti kikivutwa, nikajua ameamua kukaa. Nikasimama pale nikielewa kwamba nimemfundisha mama yangu kuogopa simu yangu.

Alianza polepole. Mvua ya vuli kwao ilikuja haba. Tawi la mparachichi lilianguka juu ya banda la mbuzi, mbuzi hakuumia. Mjane wa mjomba amehamia kwa binti yake. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba jicho la kushoto tangu Septemba linaona ukungu, na ile kalenda niliyomtumia mwaka jana kwa basi hakuweza kuisoma, tarakimu ni ndogo, huwa anamwita mtoto wa jirani amwambie ni tarehe ngapi.

Tangu Septemba nilikuwa nimemtumia pesa mara saba. Mara saba alinijibu, "Nimepata mwanangu."

Tuliongea dakika thelathini na moja. Mwishoni akaniuliza, "Umesema unatuma ngapi?"

"Leo situmi, Mama."

"Haya," akasema. Akanyamaza. "Haya, mwanangu. Upige tena."

## Jumatatu, 29 Desemba

Mji umebaki mtupu. Kituoni Nyamakima jana nauli ilikuwa imepanda kama kawaida na watu wamekaa juu ya mizigo yao. Leo Jogoo Road unaivuka ukitazama upande mmoja tu.

Sikuandika orodha mwaka huu. Nina nia moja, naisema usiku nikishafunga mlango, kwa sauti ambayo mke wangu anaisikia: kesho nitafika mahali fulani mwenyewe. Napataja mahali. Mezani kwa mwanangu, saa moja na nusu. Kwa mama wa Gikomba, nimnunulie suruali ya shule. Kati ya usiku kumi na tatu, nne nimelala bila kuisema, na mbili niliisema asubuhi ikapotea. Sijui itadumu hadi lini. Ustadh hakuniahidi chochote, alinieleza tu usiku una kazi gani.

Jumamosi nilibaki matbaa peke yangu baada ya wengine kuondoka. Nilipanga upya kurasa kumi na mbili, mwezi mmoja kwa ukurasa, tarakimu kubwa kama kiganja, nyeusi kabisa, Jumapili na sikukuu nyekundu. Nikazichapa nakala moja. Wino ulichukua usiku mzima kukauka. Mwanangu aliniuliza kwa nini siweki hata picha, nikamwambia picha itakula nafasi ya namba, akachukua bati na kunisaidia kulibana.

Nimeikunja, nimeifunga kwa gazeti. Tiketi za treni ziliisha zamani, kwa hiyo ni basi, mimi na yeye, kesho saa mbili usiku.